Mjadala: Je, mhakiki wa muziki anapaswa kuipa albamu alama?

Mwanzisha mjadala

Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba mhakiki wa muziki aache kuipa albamu alama. Simtaki aache kuhakiki, wala simkatazi kusema kuwa kazi fulani ni mbovu. Ninachokipinga ni ile tarakimu inayotangulizwa juu ya makala, ambayo msomaji huiona kabla hajasoma sentensi hata moja, na ambayo mara nyingi ndiyo pekee anayoondoka nayo.

Tovuti ya uhakiki wa muziki ya Pitchfork, iliyoanzishwa na Ryan Schreiber huko Minneapolis mwaka 1996, ndiyo iliyoufikisha mtindo huu mbali zaidi. Majarida mengine yalitosheka na nyota tano, lakini wao walichagua kipimo cha kuanzia 0.0 hadi 10.0, kwa hiyo kuna albamu iliyopata 7.8 na nyingine iliyopata 7.9, na sisi tunatakiwa tuamini kwamba lipo sikio la binadamu linaloweza kuipambanua hiyo sehemu ya kumi iliyo kati yao. Mwalimu anayesahihisha hesabu ana jibu sahihi la kulinganishia, ilhali mhakiki hana.

Tazameni yaliyompata Travis Morrison. Bendi yake ya The Dismemberment Plan, kutoka Washington, ilitoa albamu ya *Emergency & I* mwaka 1999, nayo Pitchfork ikaipa 9.6. Alipotoa *Travistan* mwaka 2004, albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, tovuti ile ile ikaipa 0.0, na yeye mwenyewe alikuja kueleza kwamba namna watu walivyompokea jukwaani ilibadilika ghafla baada ya hapo. Mhakiki akiandika kurasa mbili kuonyesha ni wapi albamu ilipojikwaa, msanii anaweza kujifunza kitu au kuzikataa hoja hizo kwa hoja zake; lakini sifuri haina hoja ndani yake, kwa hiyo haijibiki.

Kisha, mwezi Oktoba 2021, Pitchfork wenyewe walirudi nyuma wakazipangia alama mpya albamu 19 walizokwisha kuzihakiki. *Discovery* ya Daft Punk, iliyokuwa na 6.4 tangu mwaka 2001, ikapata 10, na albamu ya Liz Phair ya mwaka 2003, iliyopewa 0.0, ikapanda hadi 6.0. Hakuna noti iliyobadilika katika albamu hizo; waliobadilika ni wasikilizaji na nyakati zao. Kama ndivyo, ile tarakimu ya mwanzo ilikuwa inapima nini?

Mchangiaji wa Nairobi

Ndugu mwanzisha mjadala, nimekusoma kwa makini, lakini kosa unalolitaja si la tarakimu. Jarida la Rolling Stone lilipoikandia albamu ya kwanza ya Led Zeppelin mwaka 1969 halikutumia nyota yoyote, maneno matupu yalitosha, na mwaka 2003 jarida hilo hilo likaiweka albamu hiyo katika nafasi ya 29 miongoni mwa albamu 500 bora za wakati wote. Mhakiki anaweza kukosea kwa sentensi kama anavyokosea kwa namba, na tofauti ni kwamba kosa la namba linaonekana waziwazi, kwa hiyo watu wanaweza kumdai alirekebishe.

Tusisahau pia alama zilianza kwa ajili ya nani. Robert Christgau alipoanzisha safu yake ya mwongozo wa mnunuzi katika gazeti la Village Voice la New York mwaka 1969, akizipa albamu herufi kuanzia A+ hadi E-, alikuwa anamwandikia mtu mwenye fedha ya santuri moja anayesimama dukani mbele ya santuri mia. Mtu huyo hakuwa na njia ya kusikiliza kwanza, na alistahili kujibiwa swali lake bila kuzungushwa. Vivyo hivyo jarida la The Source lilipoipa *Illmatic* ya Nas vipaza sauti vitano mwaka 1994, alama ya juu kabisa katika kipimo chake, ile alama ilimfikia kijana wa mji wa mbali ambaye redio yao haikupiga hip hop, ikamwambia kwamba huyu mwimbaji mgeni anastahili asikilizwe.

Lakini sababu yangu kubwa iko hapa kwetu. Someni yanayoandikwa Afrika Mashariki kila albamu mpya inapotoka. Mtaambiwa ina nyimbo kumi na tano, mtatajiwa walioshirikishwa na watayarishaji, mtaambiwa msanii amekomaa, na makala itakwisha bila mwandishi kusema kama albamu ni nzuri au si nzuri. Mwandishi anaogopa kukosa mwaliko wa uzinduzi ujao, au anajua kwamba kesho atamhitaji msanii huyo kwa mahojiano. Mtu wa namna hiyo ukimlazimisha aandike sita juu ya kumi, hana tena pa kujificha. Nakubali kwamba alama ni chombo butu, ila chombo hicho kinamlazimisha mtu aseme.

Mchangiaji wa Mombasa

Kaka wa Nairobi amesema kweli kuhusu uoga, lakini dawa aliyoitoa haiufikii ugonjwa wenyewe. Mwandishi mwoga hatatoa sita. Atatoa nane kwa kila albamu, na tutakuwa tumeugeuza uoga ule ule kuwa tarakimu.

Mimi nina wasiwasi mwingine, nao ni lugha. Mwaka 1986 ilitoka Marekani albamu ya mkusanyiko wa muziki wa Afrika Kusini iitwayo *The Indestructible Beat of Soweto*, na Christgau akaipa A+. Nafurahi kwamba aliipa, kwa sababu iliwafungulia mlango watu wengi, na kwa kuusikia mdundo na magitaa nadhani alisikia vizuri. Hata hivyo nyimbo zile zina maneno, na aliyezaliwa ndani ya Kizulu anasikia humo utani, nasaba na malalamiko ambayo mgeni hayasikii. Alama yake ilikuwa ya haki kwa kile kilichomfikia, lakini ilichapishwa kama alama ya albamu nzima.

Sasa chukueni taarabu yetu. Katika nyimbo alizoziimba Juma Bhalo, nyingine zikiwa ni mashairi ya Ahmad Nassir, nusu ya uzito imo katika fumbo, na fumbo halimfungukii msikilizaji siku moja. Wapo wazee hapa Mombasa wanaobishana hadi leo ubeti fulani ulimlenga nani. Mhakiki aliyepewa wiki moja ataupa wimbo huo alama kwa kutumia kitu gani? Sisi tumekuwa na uhakiki mkali muda mrefu, na hatukuwahi kuhitaji namba. Mshairi alimjibu mshairi kwa shairi, akamwonyesha mahali kina kilipopotea au mizani ilipopungua, na Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika kanuni hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954. Ukali ule ulikuwa na anwani: ubeti huu, mshororo huu, neno hili. Ninataka uhakiki wa albamu uwe na anwani kama hiyo, useme ni katika wimbo upi na dakika ipi sauti ilipozidiwa na ala.

Mchangiaji wa Dar es Salaam

Nitasema mawili tu. Kwanza, huku kwetu alama zipo tayari, isipokuwa hazitolewi na wahakiki: ni idadi ya watazamaji wa YouTube. Shabiki akiambiwa wimbo hauna ujumbe, anajibu kwa kutaja mamilioni, na mjadala unaishia hapo. Mhakiki akikataa kutoa tarakimu yake, uwanja wote unabaki kwa tarakimu hiyo.

Pili, tumhurumie pia anayehakiki. Mwaka 2020 mwandishi wa Pitchfork aliipa *Folklore* ya Taylor Swift 8.0, alama ambayo ni sifa kwa kipimo chochote, na mashabiki wakamtishia na kusambaza anwani yake kwa sababu imeshusha wastani wa alama ambazo albamu ilipewa na wahakiki wote. Mwaka 2024 jarida la Paste lilichapisha uhakiki wa albamu nyingine ya msanii huyo bila jina la mwandishi, likieleza kwamba mhakiki wake wa mwaka 2019 alitishiwa. Sidhani watu wale walikasirishwa na aya yoyote.

Mwanzisha mjadala

Dada wa Dar es Salaam ameigusa sehemu nilipokuwa dhaifu, kwa maana alama ya mhakiki haipo peke yake. Wastani anaoutaja ni ule wa Metacritic, tovuti iliyoanza mwaka 2001 na ambayo hukusanya alama za majarida na kuzigeuza kuwa namba moja kati ya 0 na 100. B- ya mtu inakuwa 67, majarida mengine yanapewa uzito kuliko mengine bila uzito huo kutangazwa, na uhakiki usio na alama husomwa na wafanyakazi wa tovuti, nao wakaukadiria alama. Kwa hiyo mhakiki anaweza kukataa kutoa tarakimu, kisha mtu asiyeandika makala akamtolea.

Kwa sababu hiyo nampa ndugu yangu wa Nairobi nafasi hii moja. Jarida litakalong'ang'ania alama na liziweke mwishoni mwa makala, si juu yake; liseme kama alama ni ya mwandishi au ni ya wahariri; na litaje kama mhakiki anaielewa lugha inayoimbwa, na kama alikaa na albamu kwa mwezi mmoja au aliisikiliza usiku ule ule ilipotoka. Tena alama hiyo iwe ya namba kamili, isiwe na nukta.

Mchangiaji wa Nairobi

Suala la lugha na la muda nayakubali bila sharti. Kuiweka alama mwishoni siafiki, kwa sababu mwandishi mwoga atatumia aya kumi kumwandaa msanii kwa ile sita.