Naomba ushauri: kigezo cha kukerezea vijiti vya roshani visivyolingana

Asalaam aleikum mafundi. Nina kazi ya roshani moja hapa Mji Mkongwe, Unguja. Vijiti vyake vya zamani vilikerezwa kwa mkono, kwa hiyo hakuna viwili vinavyofanana: kifundo cha huku kimepanda, shingo ya kule nyembamba. Vilivyooza natakiwa nivibadilishe kwa mvule, na mwenye nyumba hataki vipya vionekane kama vya kiwandani.

Nimekata kigezo cha plaiwudi. Ukingo mmoja nimeuchonga umbo la kijiti, mwengine una alama ya kila kifundo na unene wake. Mti ukizunguka kwenye kerezo nahamishia alama kwa penseli, kisha nahakikisha kwa kalipa, kile kipimo cha unene. Hapo sina tabu.

Swali langu: nitengeneze kigezo kwa kila kijiti, au kimoja cha wastani, tofauti nyengine niuachie mkono? Naelemea la pili, ila nachelea vipya vitajitokeza vikisimama pamoja na vya zamani.

Na jengine: ni virefu na vyembamba, katikati vinatetema patasi ikigusa. Mnavishikilia kwa kitu gani? Mnaokereza miguu ya vitanda huko Pemba, nyinyi hasa nakukusudieni.