Mafuriko Januari, ukame Machi: skimu ya mpunga Usangu ipangwe vipi?

Mlinda_Lango:
Wakuu, habari za humu. Skimu ipo Mbarali, hekta 60, mfereji wa udongo, banio (kizuizi mtoni cha kuingizia maji mferejini) la zege. Mvua zikishuka kwa mkupuo, mto unafurika na mchanga unaziba mdomo wa mfereji. Machi mvua zinakata na mto unapungua ghafla. Majaruba (vipande vya shamba vyenye matuta) ya mwisho yanakauka mpunga ukiwa na mimba, suke bado likiwa ndani. Wanachama wanataka kizingiti cha banio kiinuliwe kwa viroba vya mchanga. Itasaidia?

Fundi_Mabanio:
Msiinue. Maji yakitulia nyuma ya kizingiti, mchanga unatua hapohapo, na furiko linalofuata linazunguka banio pembeni na kula ukingo. Mto ukihama, zege linabaki nchi kavu.

Dawa ni lile lango la kusafishia mchanga, jirani na mdomo wa mfereji. Furiko likija, fungeni kabisa lango la mfereji, fungueni la mchanga mpaka juu, na msiguse tena hadi tope lipungue. Skimu nyingi zinafanya kinyume (maji bure, nani ayakatae?), halafu wiki nzima ni majembe. Skrubu za malango zipakwe grisi kabla ya Novemba, maana lango likikwama usiku wa furiko hakuna wa kulifungua.

Ukingo ulioliwa, wekeni gabioni (vikapu vya waya vya kujaza mawe) za mita 2 x 1 x 1, mawe ya sentimita 15 hadi 25 yasiyopenya tundu la waya, na kitambaa cha kuchuja nyuma yake. Mbele ya mguu wa ukuta huo lazeni godoro la gabioni, yaani gabioni bapa. Bila hilo mto unachimba chini na ukuta wote unalala majini.

Mlinda_Lango:
Shukrani mkuu. Na Machi?

Mgawa_Zamu:
Pimeni kwanza. Chagueni kipande cha mfereji kilichonyooka cha mita 10, tupeni kijiti, hesabuni sekunde. Upana mita 1, kina mita 0.25, kijiti kikitumia sekunde 20, kasi ni mita 0.5 kwa sekunde: 1 x 0.25 x 0.5 x 0.8 ni lita 100 kwa sekunde. Hiyo 0.8 ni kwa sababu maji ya juu hukimbia kuliko ya chini.

Lita 100 ni mita za ujazo 8,640 kwa siku. Mfereji wa udongo ukinywa nusu, zinabaki 4,320. Kujaza sentimita 5 kwenye hekta moja kunataka 500, kwa hiyo mnahudumia hekta 8 na ushee kwa siku, na zamu ya siku 7 inatosha hekta 60 kwa shida. Maji ya mfereji yakishuka hadi lita 60, mna maji ya hekta 36 tu. Msitegemee kibali kikubwa zaidi cha maji: tangu 1993 mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na chini yake kuna bwawa la umeme la Mtera.

Kati ya zamu, acheni maji yashuke hadi sentimita 15 chini ya uso wa udongo. Zikeni bomba la plastiki lenye matundu mpate kuona. Lakini wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, jaruba lisikauke hata siku moja. Zamu za Machi zifuate hatua ya mpunga, siyo cheo cha mwenye shamba.

Hesabu_za_Gunia:
Upande wa pesa: kulima, kuburuga tope na kupandikiza vinalipwa kabla hujajua Machi itakuwaje. Gawanya gharama za ekari kwa bei ya gunia. Mfano tu: 1,400,000 kwa 80,000 ni gunia 17.5 za kurudisha gharama tu. Jaruba la mwisho wa mfereji likitoa 12, kila ekari inayoongezwa huko inakula faida ya ekari za juu. Afadhali zipandwe dengu kwa unyevu uliobaki.

Urea msiweke wingu likiwa zito milimani. Wekeni kwenye jaruba lililokauka juu, kisha ingizeni maji yaizamishe. Furiko likipita juu ya tuta, mbolea imekwenda. Na msichelewe kupandikiza mkisubiri mto utulie: mpunga unaochanua kwenye baridi ya Juni hutoa mapepe (punje tupu), hata maji yawepo.