Naomba ushauri wa gofu: wudi ya feawei yenye huruma (inayosamehe makosa) kwa handikapu 24 (kiwango changu bado si cha juu)

MpigaSlaisi
Wakuu, salaam. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela. Draiva, ile fimbo ndefu ya kuanzia shimo, siku hizi tunaelewana, na kuanzia aironi 6 (fimbo ya kichwa cha chuma) kushuka hadi zile fupi sina malalamiko. Shida iko hapo katikati. Wudi 3 (fimbo ya kichwa kinene, ya shoti ndefu) niliyo nayo, ambayo uso wake umelala digrii 15, ilikuja na seti. Nikiwa nayo kwenye feawei, zile nyasi fupi za katikati, mambo ni mawili tu: ama nagonga kichwa cha mpira unabingirika kwenye nyasi, ama unanyanyuka kidogo kisha unakata kulia (ndiyo slaisi) mpaka kwenye rafu, zile nyasi ndefu za pembeni. Juu ya tii, kile kijiti cha kuinulia mpira, walau inakubali.

Kila kampuni inadai yake ndiyo yenye huruma kuliko zote: Ping, Callaway, TaylorMade, Cobra, wote wimbo mmoja. Nichukue ipi? Natumia mkono wa kulia, spidi ya swingi ni ya kawaida tu.

MzeeWaRafu
Mkuu, nembo ziweke pembeni kwanza. Wewe tatizo lako ni namba. Digrii 15 kwa mpira uliolala chini pengine ndiyo fimbo ngumu kuliko zote kwenye begi lako. Draiva ina afadhali kwa sababu mpira wake unakaa juu ya tii.

Tafuta wudi 5, ambayo kwa kawaida ni digrii 18, au wudi 7 ya digrii 21. Uso ukilala nyuma zaidi, mpira unazunguka zaidi kinyumenyume, na ule mzunguko wa kwenda pembeni unaokuletea slaisi unakosa nguvu. Yaani ufanye kosa lile lile, uso uwe wazi (umeelekea kulia) kiasi kile kile: ya 15 inakutupa mitini, ya 21 inakuacha ukingoni mwa feawei na bado una shoti ya kucheza.

Halafu kuna urefu. Wudi 3 nyingi zina kama inchi 43, na 7 huwa fupi kwa inchi moja hivi au zaidi. Unaweza kuiona inchi ni kitu kidogo mpaka uanze kutafuta katikati ya uso.

KijanaWaTii
Wudi 7 si fimbo ya wastaafu hiyo? 😂

MzeeWaRafu
Mprofesheno Dustin Johnson alikuwa na wudi 7 kwenye begi aliposhinda Masters, mashindano makubwa ya gofu kule Marekani, Novemba 2020 kwa mikwaju 268, ambayo ni rekodi ya mashindano yale. Sasa mwambie yeye amestaafu.

BiAironi
Mimi napinga kidogo. Mbona hamtaji haibridi, ile fimbo iliyo kati ya wudi na aironi? Ni fupi zaidi, na kwenye rafu nzito inakata nyasi vizuri kuliko wudi yoyote. Mie nilishaachana na hizi wudi na sijutii.

FundiShafti
Bi Aironi, kwenye rafu uko sahihi. Lakini kaka anasumbuka kwenye feawei, na pale wudi 7 inapandisha mpira juu na kuushusha taratibu kwenye grini, pale penye shimo. Soli yake, yaani chini ya kichwa, ni pana, ukigonga nyuma kidogo ya mpira inateleza badala ya kuchimba. Haibridi inataka uipige kwa kushuka, kama aironi. Kama aironi zako ndefu zinakutii, haibridi itakufaa. Kama unapiga kwa kufagia, chukua wudi.

Mpiga Slaisi, ukishika fimbo dukani angalia haya. Kwanza kimo cha uso. Uso mfupi unafanya uzito ukae chini, na mpira uliolala kwenye nyasi unanyanyuka kirahisi. Uso mrefu ni mzuri ukipiga kwenye tii, ila chini utakutesa. Pili, uzito uwe umesogezwa chini na nyuma, maana hapo kichwa hakipindi sana ukigonga upande wa kisigino (karibu na mpini) au wa ncha (mbali nao). Kampuni nyingi zina toleo la namna hiyo, na mara nyingi limeandikwa Max. Lile la maprofesheno, lenye kichwa kidogo, liache dukani. Kwa slaisi yako kuna pia matoleo yenye uzito upande wa kisigino, yanasaidia uso kufunga.

Zile ambazo digrii zake unarekebisha shingoni mwa fimbo ni nzuri, ila ujue kitu kimoja: ukiongeza digrii, uso unafunga kidogo. Ukipunguza, unafunguka. Kwa hiyo usije ukanunua wudi 5 ukaishusha iwe kama 3 ili upate yadi. Slaisi itarudi pale pale.

Shafti, yaani mpini, isiwe ngumu kuliko ya draiva yako. Rangi isikupe presha.

MpigaSlaisi
Nimeelewa, asanteni sana. Sasa nichukue 5 au 7? Na ile 3 niitupe?

MzeeWaRafu
Aironi yako ndefu ni 6, kwa hiyo pengo ni kubwa. Ungekuwa mdogo wangu ningekwambia chukua zote mbili, 5 na 7, na 3 ibaki nyumbani. Sheria inakubali fimbo 14, hesabu kwanza usije ukazidisha. Kama hela inatosha moja tu, anza na 7. Na usiogope kupoteza umbali: mpira unaopaa kwa 7 unafika mbali kuliko unaobingirika kwa 3.

KijanaWaTii
Haya nimenyamaza. Nitaijaribu ya mjomba kimya kimya.

FundiShafti
La mwisho, na hili wengi hawaambiwi. Usiijaribu kwenye kapeti la dukani peke yake. Kapeti linadanganya: ukigonga nyuma ya mpira, kichwa kinateleza mbele na shoti inatoka safi, wakati kwenye nyasi ungechimba. Omba uipige kwenye nyasi, kwa mpira unaotumia kila siku, bila tii. Paka poda kidogo usoni uone alama zinapoangukia. Zikitapakaa lakini mpira bado unaruka, hiyo ndiyo fimbo. Zikirundikana zote kisigino, usilipe kwanza. Sogea nyuma kidogo kutoka kwenye mpira, kisha piga tena.