Rangi za nyaya za umeme nyumbani: tupeane uzoefu

Mwanzisha mada:
Jana nilifungua swichi ya taa ya chumbani, na nilipouona waya mwekundu na mweusi nikakumbuka siku niliyopigwa na shoti kwa kuamini kwamba mweusi ni nyutro (waya unaokamilisha mzunguko wa umeme, usio na moto) popote ulipo. Katika swichi, mweusi huo mara nyingi ndio unaorudisha moto, yaani umeme unaopiga shoti, kwenye taa, na fundi wetu hakuuzungushia utepe mwekundu wa kuonyesha hivyo. Nani mwingine yamemkuta?

Mchangiaji wa pili:
Hata mimi, tena nikiwa juu ya stuli.

Mchangiaji wa Tanga:
Yangu yalikuwa mazito zaidi. Nyumba ya marehemu baba ina fezi tatu (nyaya tatu za moto) za rangi za zamani: mwekundu, wa njano na wa bluu ni fezi, mweusi ni nyutro. Tulipoongeza chumba tukamwita fundi kijana aliyejifunza kwa rangi za sasa, ambapo kahawia ni moto, bluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi (waya wa ardhini). Akaunga mwekundu kama moto na bluu kama nyutro, na soketi iliyopaswa kutoa takriban volti 230 ikatoa karibu 400. Friji ilinguruma, televisheni ikafuka moshi, na mama akakimbilia mein swichi akiwa pekupeku. Miguu ile ndiyo ninayoiona hadi leo.

Mchangiaji wa nne:
Pole sana. Lakini msimlaumu kijana, kwa maana Uingereza, tulikozirithi rangi hizo za zamani, yenyewe ilibadilisha rangi za nyaya za majumbani mwaka 2004.

Mchangiaji wa tano:
Sikubaliani nawe. Fundi hupima kabla ya kuunga, na testa ya bisibisi tu ingemwonyesha kwamba bluu ile ina moto.

Mchangiaji wa sita:
Testa haitoshi, ndugu yangu, kwa sababu haiwaki kwenye nyutro wala kwenye ethi, hivyo haikutenganishii. Tumia mita ya kupimia volti.

Mchangiaji wa saba:
Waliotumiwa ekstensheni kutoka Marekani wakumbuke kwamba huko mweusi ndio moto na mweupe ndio nyutro.

Mwanzisha mada:
Mchangiaji wa Tanga, mpe mama pole zangu. Leo fundi amezima mein swichi, amepima kwa mita, na amezungushia utepe mwekundu kila waya mweusi unaorudi kwenye taa. Vimebaki vyumba viwili.