Kanibadilishia fleksi na lamineshani bila kuniambia, maonesho yangu ya Sabasaba yameharibika

Wakuu, nina hasira na sitazificha.

Nafungasha viungo kutoka Muheza: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Mwaka huu ndiyo mara yangu ya kwanza kuchukua banda Sabasaba. Kazi ya kuprinti nilimpa jamaa mmoja wa Kariakoo wiki tatu kabla. Kila kitu nilikiandika kwenye oda, akasaini, nikalipa nusu. Mzigo kaniletea jioni ya tarehe 27 Juni, kesho yake maonesho yanafunguliwa. Ningerudisha saa ngapi?

Kilichoniuma zaidi ni vipeperushi. Niliagiza 1,000, kadi ya gramu 300 kwa mita ya mraba, lamineshani ya mati (utando wa plastiki usiong'aa) upande wa nje tu. Ndani niliacha karatasi wazi makusudi, kwa sababu ndiko kwenye fomu ya oda: jina, simu, kilo ngapi. Yeye kapiga glosi, ile inayong'aa, pande zote mbili! Kalamu inateleza, wino haushiki, mteja akipitisha kidole jina lote linafutika. Mama mmoja mwenye hoteli alitaka iliki kilo kumi, kajaribu kuandika mara tatu, akaniambia atarudi. Hakurudi. Halafu kadi nzito namna ile lazima ipigwe mstari wa mkunjo kwa mashine kwanza. Hawa wameikunja kwa mkono tu, mgongo umevimba na lamineshani inabanduka. Na glosi chini ya taa za banda inang'aa mpaka namba ya simu huioni.

Rolapu nayo, lile bango la kusimama linalojiviringisha kwenye kasha lake, sentimita 85 kwa 200. Nilisema wazi nataka ile filamu yenye mgongo wa kijivu, haipitishi mwanga wala haijikunji kingo. Nimepewa fleksi nyepesi, turubai la plastiki la mabango. Siku ya pili kingo zimejikunja, na taa ya banda la nyuma inapenya, chuma cha katikati kinaonekana kwenye picha ya karafuu.

Bango la nje, mita 3 kwa 2, lilipaswa kuwa fleksi ya gramu 440. Upepo ulipoanza mchana, ringi mbili za kufungia kamba zikachomoka na kona ikapasuka. Nikakata kipande cha sentimita 10 kwa 10, nikakiweka kwenye mizani yangu ya kupimia viungo, ile inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. 2.8. Zidisha mara 100, ni gramu 280 kwa mita ya mraba. Nimelipia 440! Fanyeni hivyo na nyie kabla hamjamalizia malipo, hakihitajiki chombo kingine.

Nilipompigia anajibu, "Dada, zote ni fleksi tu, mbona umeng'ang'ania?" Mimi nikimuuzia mtu mdalasini uliochanganywa na magome mengine nikamwambia yote ni magome, ataniita mwizi, na atakuwa sahihi.

Sitaki pole. Nataka tofauti ya bei irudi na vipeperushi viprintiwe upya kabla ya Nanenane. Oda yenye saini ninayo, kile kipande ninacho, picha ya mizani ninayo. Kuna aliyewahi kupeleka kesi kama hii Tume ya Ushindani? Ulianzia wapi, na walikudai vielelezo gani?