Mjadala: Mtoto wa kaya maskini aongezewe ruzuku ya shule, au iwe 10,000 ile ile kwa wote?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili, hasa walimu na wazazi wenye watoto katika shule za msingi za serikali.

Ruzuku ya uendeshaji wa shule za msingi Tanzania Bara ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kiwango hicho kilikuja na MMEM, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, mwaka 2002, wakati 10,000 ilikuwa inakaribia dola 10 za Marekani. Leo haifiki dola 5. Tena haifiki yote shuleni. 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndiyo inayoingia kwenye akaunti ya shule, yaani shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika, vyote humo humo.

Kiwango ni kidogo mno, lakini hoja yangu leo ni nyingine: ni kile kile kwa kila mtoto. Anayesoma Oysterbay na kupelekwa tuisheni jioni, na anayesoma Meatu akifika darasani hajatia kitu tumboni, wote wanahesabiwa 10,000. Shule ya mjini ikipungukiwa, wazazi wanaitana kikao wanachanga. Ya kijijini ikipungukiwa, ndiyo imepungukiwa.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016 watoto walimiminika, na hilo ni jambo kubwa ambalo silibezi. Ila Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo uliacha sare, madaftari na chakula mikononi mwa mzazi. Hapo ndipo maskini anapokwama. Shule nyingi hupika kwa mahindi na maharage ya wazazi, na kuna mahali ambapo asiyechangia, mtoto wake hapewi chakula. Nimeona kwa macho yangu mtoto wa darasa la pili akiambiwa asubiri pembeni wenzake wakipanga foleni ya makande. Kwangu huo ni ukatili, hata kama hakuna aliyeukusudia.

England walianza mwaka 2011 kuipa shule nyongeza kwa kila mtoto anayestahili chakula cha bure, na tangu 2012 hata kwa aliyewahi kukistahili ndani ya miaka sita iliyopita. Walianza na pauni 488 kwa mwaka. Sasa kwa shule ya msingi ni zaidi ya pauni 1,400. Fedha inaingia shuleni, si mfukoni mwa mzazi.

Ninachopendekeza: kila mtoto ambaye kaya yake imo kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, aiongezee shule yake shilingi 20,000 kwa mwaka, za chakula na za masomo ya ziada ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu). Anayepinga aseme kwa nini.

Mzazi, Mbagala

Napinga, na si kwa ubaya. Mimi nauza mihogo ya kukaanga. Watoto watatu wako shule ya msingi. Siko TASAF na sitakuwepo, kwa sababu mtaani kwetu walipoorodhesha kaya nilikuwa na kijibiashara. Wiki biashara ikilala, wanangu wanakwenda shule na njaa kama wa jirani yangu aliyemo kwenye orodha. Sasa shule ipewe nyongeza kwa wa jirani, na wangu je?

Halafu watoto wana midomo. Wakijua nani "wa TASAF", ataitwa hivyo mpaka amalize la saba. Wapeni wote uji.

Mchumi asiye na cheo

Mleta mada, mfano wa England ungeumalizia. Baada ya UVIKO-19, mwaka 2022, pengo la ufaulu kati ya watoto maskini na wenzao wanapomaliza shule ya msingi lilirudi karibu na lilipokuwa mwaka 2012. Pia walimu wakuu wengi kule wamekiri kwamba sehemu ya fedha hizo huzibia mashimo ya bajeti ya kawaida. Ikiwa kwao kwenye ukaguzi mkali iko hivyo, kwetu ambako 500 kwa mwezi haitoshi hata mitihani, mwalimu mkuu atafanya nini na hiyo nyongeza? Atanunua karatasi, na mimi sitamlaumu.

Kwa nini fedha hiyo isipite njia iliyopo? TASAF tayari inalipa kaya kwa masharti, na mtoto wa shule anatakiwa ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku. Ongeza pale. Mama anajua zaidi kuliko halmashauri kama mwanawe anahitaji viatu au daftari.

Mleta mada

Nianze na mzazi wa Mbagala, kwa sababu hoja yake imenichoma. Dada yangu, uko sahihi kwamba orodha inaacha watu. Orodha huanzia kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kaya inahakikiwa kwa dodoso, na hali ya kaya hubadilika kabla orodha haijabadilika. Ndiyo maana nataka fedha iende shuleni. Orodha itumike kukokotoa kiasi tu, isitumike kumchagua nani ale. Shule yenye watoto 150 wa orodha inapata milioni 3 zaidi, inapika chungu kimoja, na wanao wanakula humo humo. Hakuna mtoto wa kuitwa jina, kwa sababu mwalimu wa darasa hana haja ya kujua nani alileta shilingi ngapi.

Kwa mchumi: nakubali kwamba fedha peke yake haijaziba pengo England. Lakini kupitisha yote kwa kaya hakumpi mtoto mtu wa kumfundisha kusoma. Ana daftari na viatu, kisha anakaa darasa la watu 110. Mama yake atalinunuaje hilo?

Gharama nayo tuiangalie. Wanafunzi wa shule za msingi wanazidi milioni 10. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu Tanzania Bara wako chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi. Tukikadiria watoto milioni 2.5 kwa 20,000, ni shilingi bilioni 50 kwa mwaka. Si hela ndogo. Lakini mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabili UVIKO-19, tukajenga madarasa 15,000, na 3,000 kati yake yalikuwa ya shule shikizi, zile ndogo zinazoshikizwa kwa shule mama. Nchi ikiamua, inaweza. Jengo linapata mfadhili haraka kwa sababu linapigwa picha na kuzinduliwa. Mtoto aliyejua kusoma hazinduliwi na mtu.

Mwalimu mstaafu, Simiyu

Nimesoma wote. Naunga mkono, kwa sharti.

Shule niliyoachia, ukichukua orodha yoyote ya umaskini, watoto karibu wote wanaingia. Kwa hiyo ugomvi wa nani aitwe nani kwetu haupo. Kilichotuua ni walimu. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Sisi tuliweka darasa la kwanza na la pili chumba kimoja kwa zamu, asubuhi hawa, mchana wale. Waliotuokoa ni vijana wawili wa kujitolea, wamehitimu chuo cha ualimu na hawajaajiriwa. Wazazi walikubaliana kuwachangia posho, mavuno yakawa mabaya, posho ikakatika, na vijana wakaondoka katikati ya muhula. Darasa la kwanza lile lilifika la tatu likiwa halijui silabi.

Sasa pigeni hesabu. Watoto 200 mara 20,000 ni milioni 4. Vijana wawili, posho ya 150,000 kila mmoja kwa miezi kumi, ni milioni 3. Inabaki milioni moja ya mahindi. Sharti langu ni kwamba mwongozo wa fedha hiyo uandike wazi kuwa inaruhusiwa kulipa posho ya mwalimu wa kujitolea wa madarasa ya chini. Isipoandikwa, mwalimu mkuu anaogopa hoja ya ukaguzi, fedha inalala au inanunua saruji.

Na jambo la pili. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa 2013 ulileta tuzo kwa shule zilizofaulu na zilizopanda. Wenzangu walifurahi, mimi nilinyamaza. Shule yenye walimu inapanda, inazawadiwa. Isiyo nao inabaki chini na haipati kitu. Nyongeza hii itakuwa mara ya kwanza naona fedha ikifuata shida.

Mchumi asiye na cheo

Mwalimu, shikamoo. Hoja ya posho imenisogeza, ila bado naona hatari moja. Nyongeza ikianza, Hazina inaweza kuiacha 10,000 ilale miaka mingine 20 ikisema maskini wameshaangaliwa. Na hao vijana wa posho watageuzwa sababu ya kutoajiri.

Mwalimu mstaafu, Simiyu

Marahaba. Hatari hiyo ipo na siwezi kuikana. Ajira lazima zidaiwe kila bajeti. Ila mtoto aliye la kwanza mwaka huu atakuwa la tatu kabla hiyo vita haijaisha.

Mleta mada

Basi narekebisha pendekezo. Kwanza 10,000 ihuishwe kwa wote ili angalau irudi kwenye thamani ya 2002. Pili, nyongeza ya 20,000 ianze kwenye halmashauri zenye upungufu mkubwa wa walimu, darasa la kwanza hadi la tatu, posho ya kujitolea ikiruhusiwa kwa maandishi na mapato yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule kila mwezi. Mzazi wa Mbagala, je, hili la chungu kimoja bado unalipinga?

Mzazi, Mbagala

La chungu kimoja silipingi. Ila umesema ianze kwenye upungufu wa walimu. Kwetu walimu wapo, ni watoto waliojaa na njaa ipo. Mkianza huko, sisi mnatufikia lini?