Naomba ushauri: tangi la samaki la lita 400 sebuleni, nianzie wapi?

Mwana wa Mwisho

Wakuu, heshima kwenu.

Nimepata tangi la kioo lililokwisha kutumika: urefu sentimita 150, upana 50, kimo 55. Kwa hesabu yangu ni lita 412 likijaa hadi ukingoni. Nimelijaza nje siku tatu mfululizo, halivuji hata tone. Nataka kufuga samaki wa maji yasiyo na chumvi, wale wa ukanda wa joto.

Sababu yangu si pambo la nyumba. Mama anaishi nami, miguu imemwishia nguvu, na kutwa yuko kwenye kiti kimoja akitazama ukuta. Juzi nilimwekea video ya samaki kwenye simu, hakuiachia mpaka chaji ikaisha. Nikaona huyu nimletee samaki wenyewe.

Ndugu zangu wanakuja kumjulia hali baada ya wiki mbili na ningependa wakute samaki wanaogelea. Orodha yangu ni neoni tetra 30, enjelifishi 6, oska 2, na pleko mmoja wa kula mwani. Niliweke wapi? Nitumie chujio la nguvu gani? Na kama kuna kosa kwenye orodha niambieni wazi, sitakasirika.

Fundi Kioo

Kabla ya samaki, tuongee sakafu. Maji peke yake ni kilo 400 hivi. Ongeza kioo, mchanga, mawe na meza, unakaribia kilo 600 zilizosimama sehemu moja usiku na mchana. Sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi haina shida. Kama ni ghorofani au sakafu ya mbao, lisimamishe karibu na ukuta unaobeba nyumba, likikatiza boriti badala ya kufuata boriti moja, na mwite fundi aangalie kwanza.

Meza ikishakaa, weka pima maji juu yake, kwa urefu na kwa upana. Halafu jaza tangi nusu, pima tena, ndipo umalizie. Tangi likiinama, mzigo unaegemea upande mmoja na silikoni ya pembeni ndiyo inayoteseka. Kama kioo cha chini hakina fremu, kitandikie povu jembamba. Chembe moja ya kokoto chini ya kioo inatosha kukipasua.

Usiliweke panapopigwa na jua la dirishani, utapigana na mwani mwaka mzima. Nyaya zote zishuke chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili maji yakitiririka kwenye waya yadondoke sakafuni.

Na jambo moja la mama: kaa kwenye kiti chake, pima jicho liko kimo gani kutoka chini, meza uitengeneze kwa kimo hicho. Matangi mengi yametegewa mtu aliyesimama.

Bibi Matete

Mwanangu, wiki mbili hazitoshi. Nakuambia kwa sababu niliwahi kuharakisha.

Tangi langu la kwanza kubwa nililijaza Jumamosi, Jumapili nikatia samaki 20. Maji yalikuwa maangavu kabisa. Wiki ya pili wakaanza kupanda juu na kuhema mdomo wazi, mashavu yamegeuka kahawia. Nikadhani hewa haitoshi, nikaongeza pampu. Kumbe ilikuwa nitriti, inaharibu damu ishindwe kubeba hewa. Walikufa 14 ndani ya siku nne, na maji bado yalikuwa maangavu vilevile.

Kinachotokea ni hiki. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa zaidi kwenye sponji ya chujio, na katika tangi jipya hawapo wa kutosha. Kuwakuza huchukua wiki nne hadi sita.

Washa chujio na hita, tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita, halafu pima kila baada ya siku moja au mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda na kukaa juu muda mrefu (hapo ndipo wengi hukata tamaa), kisha itaanguka ghafla. Siku ukitia amonia hadi miligramu 2 kwa lita na baada ya saa 24 amonia na nitriti zote zikasoma sifuri, badilisha sehemu kubwa ya maji ndipo ulete samaki. Sponji iliyotumika kutoka tangi lenye samaki wazima itakupunguzia siku nyingi.

Chujio liwe la lita 1,600 hadi 2,000 kwa saa. Hita nunua mbili za wati 200 badala ya moja kubwa, ili moja ikiharibika nyingine ishike. Na usisafishe sponji kwa maji ya bomba, isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Kisima

Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo usiku mmoja, klorini inaondoka yenyewe. Mimi sijawahi kutumia dawa.

Bibi Matete

Ndugu Kisima, klorini ndiyo huondoka, lakini sehemu nyingine maji hutiwa kloramini, na hiyo hailali ikaisha. Kwa lita 100 za kubadilisha kila wiki, dawa ya kuondoa klorini ni salama zaidi.

Kisima

Sawa dada, hiyo ya kloramini sikuijua. Nitauliza kwetu wanatia nini.

Mapezi

Orodha yako, mkuu, ina samaki watakaolana. Enjelifishi akikomaa humeza neoni. Oska anafika sentimita 30, kila kinachoingia mdomoni kwake ni chakula, na anachafua maji kupita kiasi. Pleko wa kawaida huuzwa akiwa kama kidole, kumbe anaweza kupita sentimita 40.

Mimi ningefanya hivi: joto 25, mchanga laini, gogo moja kubwa, mimea. Chini koridora 8 (kambare wadogo), katikati neoni 25 au 30, juu gurami lulu 4, dume mmoja tu. Kundi kubwa la aina moja linaogelea pamoja, na mama ataliona vizuri hata akiwa mbali kidogo. Usiwatie wote siku moja, bakteria wanahitaji muda wa kuongezeka.

Mawe yajaribu kwa siki. Likitoa mapovu lina chokaa, litafanya maji yawe magumu, liache.

Mwana wa Mwisho

Nimewaelewa. Oska, enjelifishi na pleko nimewafuta. Ndugu zangu watakuta maji na mimea.

Mwana wa Mwisho (siku ya 44)

Wakuu, narudi kutoa mrejesho. Nitriti ilikwama juu siku 16, nikakumbuka maneno ya Bibi Matete nikatulia. Siku ya 41 vipimo vyote viwili vilisoma sifuri. Nikabadilisha maji, na jana nimetia koridora 8. Neoni nitawaleta baada ya wiki mbili.

Meza niliitengeneza kwa kimo cha jicho la mama. Leo asubuhi nimewahesabu mara tatu napata saba, nikaanza kuinua kifuniko nimtafute aliyekufa. Mama akanizuia. "Yuko chini ya gogo," akasema. "Naziona sharubu zake."